Meloni na matikiti kwenye baridi ya Wundanyi: yataiva yafike soko la Kongowea, Mombasa, yakiwa matamu?

shamba_la_juu:

Salaam aleikum wanajukwaa, na habari zenu nyote.

Kuna shamba la nusu ekari Wundanyi, mwinuko wa mita 1,400 hivi. Mteremko umeelekea kaskazini-mashariki, udongo ni mwekundu na haushiki maji, kijito kiko karibu. Nia ni kupanda miche 200 ya meloni (yale matikiti madogo ya kunukia, ganda la wavu) na matikiti maji kiasi, mzigo uteremshwe Mombasa.

Vipimo vya mwezi wa Julai, kina cha sentimita 10 udongoni: saa mbili asubuhi nyuzi 16, saa tisa alasiri nyuzi 19. Umande ni mwingi, na kuna siku ukungu hauondoki mpaka saa nne.

Naomba kujua: nipande mwezi gani, mbegu gani, na je, hii habari ya kufunika tuta na mimea kwa nailoni ni lazima au ni gharama za bure? Pakiti imeandikwa "siku 80". Hizo siku 80 zinahesabika vivyo hivyo kule juu?

kaskazi_na_kusi:

Waaleikum salaam. Nianze na hizo siku 80, maana ukizielewa hizo maswali mengine yanajijibu.

Mmea wa jamii hii hauhesabu siku, unahesabu joto. Chini ya nyuzi 12 hivi hukaa tu, haukui. Chukua wastani wa joto wa siku nzima, mchana na usiku, utoe 12. Kinachobaki ndicho mmea unachokitumia. Sasa linganisha. Mombasa mwezi wa Februari wastani ni kama 28, kwa hivyo kila siku kunabaki 16. Ukipanda mlima, joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, hivyo mita 1,400 zinakuondolea nyuzi nane na kitu. Wundanyi Februari itakuwa kama 19 na nusu: kunabaki 7.5. Julai, Mombasa ikiwa 24 na nusu, kwako ni 16: kunabaki 4 peke yake.

Mbegu ya siku 80 iliyojaribiwa mahali penye wastani wa nyuzi 24 inahitaji 12 mara 80, yaani 960. Gawanya. Wundanyi Februari, shamba wazi: siku 128. Wundanyi Julai: siku 240, maana yake hupati kitu, mmea utakufa kwa magonjwa ya ukungu kabla ya tunda kuiva. Lakini hiyo Februari ukifunika kwa nailoni, wastani ukapanda nyuzi tatu na nusu, unabaki na 11 kwa siku, na hapo ni siku 87. Hii ni hesabu ya kukadiria, ila inatosha kukuonyesha kwamba nailoni si gharama za bure. Bila hiyo hakuna biashara.

Halafu soma pakiti vizuri: kampuni nyingine huhesabu siku tangu mbegu iingie udongoni, nyingine tangu mche uhamishwe. Tofauti hapo ni wiki tatu au nne.

Majira. Wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Septemba, upepo unatoka baharini na kugonga milima ya Taita, ndiyo maana ya huo ukungu wenu. Uache msimu huo upite. Unataka tunda linenepe na kukusanya sukari wakati wa kaskazi, Januari mpaka katikati ya Machi, jua kali na hewa kavu, na uwe umeshavuna kabla masika hayajaanza. Kwa hivyo hamisha miche kwenda shambani mwisho wa Novemba au tarehe 1 Disemba. Siku 87 zinakufikisha mwisho wa Februari. Mvua za vuli zitakuwa hazijaisha ukihamisha, lakini miche iko chini ya nailoni, haidhuriki. Na mteremko wako wa kaskazini-mashariki ni neema: unapata jua la asubuhi na unaikwepa kusi.

Mbegu: tafuta za kuiva mapema na tunda dogo. Meloni chukua aina ya Galia, Charentais au Hale's Best. Honeydew iache kabisa. Inataka joto jingi na muda mrefu. Tikiti maji, Sugar Baby ndiyo inayostahimili. Crimson Sweet na Charleston Gray ni matunda makubwa, yatakuchelewesha. Kule Marekani kuna tikiti linaloitwa Blacktail Mountain, Glenn Drowns alilizalisha kaskazini mwa Idaho ambako usiku wa kiangazi ni baridi, na ni zuri kwa hali kama yako. Lakini mbegu kutoka nje haziingii kiholela: unahitaji kibali cha KEPHIS (shirika la serikali ya Kenya la kukagua afya ya mimea) na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Kwa miche 200, Sugar Baby ya agroveti itakutosha.

samadi_na_nailoni:

Ndugu hapo juu amemaliza upande wa majira. Mimi nizungumzie tuta na handaki (matao yaliyofunikwa nailoni juu ya tuta), maana nailoni ikiwekwa vibaya haina faida.

Miche 200 kwa nafasi ya sentimita 50 ni mita 100 za tuta. Gawa matuta kumi ya mita 10, upana mita 1, urefu wa kwenda juu sentimita 20 hadi 25. Tuta lililoinuliwa hupata joto upesi na halituamishi maji. Kutoka katikati ya tuta moja hadi katikati ya jingine acha mita 2, ili mikono ya mimea ipate pa kutambaa na wewe pa kupita. Kila tuta tia toroli nne za samadi iliyooza sawasawa. Pima asidi ya udongo kwanza. Meloni hutaka pH ya 6 hadi 6.8, na chini ya hapo tia chokaa ya kilimo mwezi mmoja au miwili kabla.

Nailoni ya chini, ya kulazwa juu ya tuta: upana sentimita 120, ya kutandazia mboga, si ile nene ya turubai. Rangi ndiyo inayowachanganya watu. Nyeusi huongeza joto la udongo kama nyuzi 3 hivi kwa mchana, na inaua magugu. Inayopitisha mwanga huongeza nyuzi 4 hadi 8 karibu na uso wa udongo, lakini magugu huota chini yake kwa furaha. Kwa Wundanyi mimi ningechukua inayopitisha mwanga, nikaitandaza wiki mbili kabla ya kuhamisha miche. Baadhi ya magugu yanaweza kuungua kwa joto siku za jua, na yatakayobaki yang'olewe pale kwenye tundu la mche. Kama huna mtu wa kukaa na magugu, chukua nyeusi ukubali hizo nyuzi zilizopungua.

Vyovyote utakavyochagua: mwagilia tuta kwanza, laza paipu ya dripu, ndipo utandaze, na uivute mpaka ishikane na udongo. Hewa ikibaki katikati, hasa kwenye nyeusi, joto linaishia kwenye nailoni yenyewe na udongo hauupati. Hapa ndipo wengi wanaposema "nilitandaza na sikuona tofauti".

Handaki: kata paipu za PVC za nusu inchi vipande vya mita 2. Chomeka kila ncha sentimita 20 ardhini, upana mita 1. Utapata upinde wa nusu mita kwenda juu. Weka upinde kila baada ya mita moja. Juu funika kwa nailoni ya banda la kilimo iliyotiwa kinga ya jua, upana mita 2.4, ili sentimita 40 kila upande zizikwe au zibanwe kwa mawe. Nailoni ya kawaida ya dukani itapasuka kabla ya Februari.

Kuendesha handaki ni kazi ya kila siku, na hili uliweke akilini kabla hujanunua kitu. Ning'iniza kipimajoto ndani, kwenye kivuli cha jani. Kikifika nyuzi 30 inua upande mmoja, ule usioelekea upepo. Ukiacha mpaka 40, maua yatadondoka na ncha zitaungua. Saa kumi jioni funga tena, jua likiwa bado lipo, ili joto lilale ndani. Chupa za soda za lita 2 zilizojazwa maji, ukizipanga ubavuni mwa tuta, husaidia kidogo usiku. Si muujiza, lakini hazina gharama.

Jambo la mwisho, maji ya kijito. Maji ya nyuzi 13 au 14 yakimwagwa kwenye mizizi iliyozoea 22, mmea unanyauka mchana kweupe udongo ukiwa umelowa, na mtu anazidi kumwagilia. Yajaze kwenye tangi jeusi asubuhi, uyafungulie siku inayofuata saa tano.

kitalu_likoni:

Kaka, nashangaa hakuna aliyesema jambo lililo rahisi kuliko yote: usioteshe mbegu Wundanyi. Otesha Mombasa.

Mbegu ya meloni inataka udongo wa nyuzi 27 hadi 32 ili iote. Kwenye 16 zako itakaa imelowa, ioze, au iote nusu na kinyausi (ugonjwa wa kuozesha shina la mche) kiikate shingo. Mombasa mwezi wa Novemba joto hilo lipo bila ya kuwasha chochote. Siku ya tatu hadi ya tano imetoka.

Panda tarehe 8 Novemba hivi. Trei zenye matundu makubwa (50 kwa trei, si 128), unga wa makumbi ya nazi uliooshwa chumvi uchanganywe na mboji iliyochujwa, nusu kwa nusu. Makumbi ya pwani yasipooshwa huwa na chumvi ya kuunguza mizizi, kwa hivyo yaloweke na kumwaga maji mara tatu. Mbegu moja kila tundu, ilazwe ubavu, kina sentimita moja na nusu. Panda 240 ili upate 200. Weka penye jua na upepo. Kivulini miche hurefuka ikawa myembamba kama uzi. Wiki ya tatu itakuwa na majani mawili ya kweli, na huo ndio umri wa kuhamisha. Ukiacha mpaka ina majani matano na mizizi imejizungusha, itadumaa, kwani mitikiti haipendi kuguswa mizizi.

Mche uliozoea usiku wa nyuzi 25 usiupeleke moja kwa moja kwenye 14. Siku tano za mwisho punguza maji, kisha upandishe mlimani ukae kwenye trei ndani ya handaki siku nne, ukifunua kidogo zaidi kila siku, ndipo uupande. Trei zisafiri usiku, zimefunikwa dhidi ya upepo wa gari. Panda jioni, bonge la mizizi likiwa zima, shingo isizikwe.

Kama unataka kwenda mbele zaidi, kuna kuunganisha meloni kwenye shina la boga. Mizizi ya boga hufanya kazi kwenye udongo baridi ambao mizizi ya meloni imelala, na haishikwi na mnyauko wa fuzari unaoua meloni. Panda meloni kwanza, boga siku 5 hadi 7 baadaye, kwa sababu boga hukua haraka. Mashina yakilingana unene, ng'oa kilele cha boga, chanja shina lake kuelekea chini na la meloni kuelekea juu, ndimi mbili ziingiane, ubane kwa klipu. Yote mawili yapandwe tundu moja. Weka kivulini chini ya nailoni penye unyevu mwingi kwa siku nne au tano, kisha uzoeshe mwanga. Siku ya 10 hadi 12 kata shina la meloni chini ya kiungo. Ongeza wiki mbili kwenye kalenda yako. Na jaribu miche 20 tu kwanza, kwa kuwa si kila boga hukubaliana na kila meloni. Mengine huharibu ladha ya tunda.

shamba_la_juu:

Allah awalipe kheri. Hili la kuotesha Mombasa sikulifikiria hata kidogo. Nina maswali mawili: nyuki wataingiaje na handaki limefungwa? Na kila mmea niuachie matunda mangapi? Jirani anasema aachie yote, Mungu atachagua.

kaskazi_na_kusi:

Usimsikilize jirani, mzee wangu. Sukari ya tunda inatoka kwenye majani, na majani yako yanapata mwanga mchache kuliko ya Kilifi kwa sababu ya mawingu. Meloni haina wanga wa kubadilika kuwa sukari baada ya kuchumwa, kama ndizi inavyofanya. Ikichumwa bila utamu, italainika na kunukia lakini haitakuwa tamu kamwe. Kwa hivyo meloni: matunda mawili kwa mmea, basi. Tikiti maji: moja.

Sasa kukata. Meloni, maua yenye uwezo wa kuzaa (yana kitunda kidogo nyuma yake) huja zaidi kwenye matawi ya pembeni, si kwenye shina kuu. Kwa hivyo mche ukiwa na majani manne au matano, minya kilele. Yatatoka matawi, acha mawili yenye nguvu. Kwenye hayo ndiko vitachipua vitawi vyenye maua ya kuzaa. Tunda likifika ukubwa wa yai, minya kitawi hicho majani mawili mbele ya tunda, uondoe matunda mengine. Tikiti maji usilifanyie hivyo: shina lake kuu lenyewe huzaa. Acha shina na tawi moja, ondoa ua jike la kwanza lililo karibu na shina, kwa kuwa tunda lake huwa dogo na lenye umbo baya.

Maua yakianza, handaki lifunguliwe ubavu mzima kuanzia saa tatu asubuhi. Lakini nyuki hawatoki vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 13 au kukiwa na ukungu, kwa hivyo usiwategemee peke yao. Chavusha kwa mkono. Subiri umande ukauke, maana chavua iliyolowa haishiki. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo, vua majani yake ya njano, na ulipanguse taratibu katikati ya ua la kuzaa. Ua dume moja linatosha mawili au matatu. Maliza kabla ya saa tano. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo, rangi moja kwa kila wiki, ili baadaye ujue lipi ni la lini. Kitunda kikiwa cha manjano baada ya siku tatu nne, hakikushika. Rudia kwenye ua jingine.

Magonjwa: kwa ukungu wenu adui wa kwanza ni ubwiri vinyoya, madoa ya manjano yenye pembe juu ya jani na vumbi la kijivu chini yake. Dawa ya kopa (shaba) au mankozebu inakinga, haiponyi, kwa hivyo inatangulia. Heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kopo. Ubwiri unga huja baadaye, hewa ikikauka. Usikimbilie salfa ndani ya handaki: joto likizidi 30 inaunguza majani ya meloni. Kinga kubwa kuliko zote ni kufungua handaki mapema ili majani yakauke, na kutomwagilia juu ya majani.

Mbolea ya naitrojeni, kama CAN, iishie kabla ya maua. Ukiendelea nayo utavuna majani.

jumla_kongowea:

Nawasoma tangu juu na mmesema vizuri, ila kwa tikiti maji mimi sikubaliani nanyi. Kulipanda mita 1,400 ni hasara. Matikiti maji Kongowea yanashuka kutoka Kilifi, Tana River na Taveta, yamelimwa kwenye joto la bure bila nailoni wala upinde. Wewe utashindana nao vipi kwa bei ya kilo? Kama shida ni kwamba unalitaka, lilime Mwatate, kama mita 850, au Voi chini zaidi. Mlimani weka meloni peke yake. Wanunuzi wake ni wachache, hoteli za Nyali na Diani na maduka ya matunda, lakini wanalipia ubora, na usiku wa baridi unasaidia kutopoteza sukari ambayo jani limeitengeneza mchana.

Kuhusu wakati: mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa hivyo mavuno ya mwisho wa Februari yataangukia katikati yake, wakati matunda yanapotafutwa kila alasiri. Kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma siku 10 au 11, usipange miaka mitatu kwa kalenda moja.

Kuvuna. Hale's Best hujionyesha yenyewe: ufa unazunguka kikonyo, ukisukuma kwa kidole gumba linaachia. Galia hugeuka kutoka kijani kuwa njano ya dhahabu. Charentais ni ya kuangaliwa kwa karibu, mara nyingi haiachii hata ikiwa imeiva. Jani lililo karibu na tunda likianza kupauka, na harufu ikitoka kitakoni, chuma. Kwenye joto kali huwa siku 35 hadi 45 tangu ua lishike, kwako tegemea zaidi. Ule uzi wa rangi utakusaidia. Wiki ya mwisho punguza maji, lakini usiyakate ghafla halafu ukayafungua tena: tunda litapasuka.

Kwa soko la Mombasa chuma ufa ukiwa umefika nusu, usisubiri uzunguke wote. Lililoachia kabisa, kwenye joto la huku chini, lina siku tatu mpaka tano kabla halijalegea. Vuna asubuhi umande ukishakauka, liache kivulini lipoe, pakia jioni. Kreti za plastiki, tabaka mbili, nyasi kavu katikati. Magunia yaache kwa viazi. Gari litoke usiku lifike alfajiri.

shamba_la_juu:

Tikiti maji nimeliondoa, jumla_kongowea. Basi ni meloni 200: Galia 120 na Hale's Best 80. Nailoni ya chini inayopitisha mwanga. Swali la mwisho kwa kitalu_likoni: hizo siku nne za kuzoesha ndani ya handaki, usiku nalifunga kabisa?

kitalu_likoni:

Usiku wa kwanza na wa pili funga kabisa. Wa tatu acha ncha zote mbili wazi. Wa nne vivyo hivyo, ila kipimajoto kikisoma chini ya nyuzi 12 alfajiri, zifunge na uongeze siku mbili kabla ya kupanda. Na mwagilia trei asubuhi tu, isifike jioni makumbi yamelowa.